Melba Liston: mpangaji aliyejenga nyumba za watu

Novemba 1960, ndani ya studio moja ya New York, Mtanganyika aitwaye Tuntemeke Sanga alisimama mbele ya maikrofoni akasoma kwa Kiswahili shairi la kuukaribisha uhuru wa Afrika. Mtunzi wa shairi alikuwa Langston Hughes, yule mshairi wa Harlem. Baada ya sauti ya Sanga na ngoma zinazomsindikiza, inaingia bendi ya watu zaidi ya 20: matarumbeta, tromboni, midomo ya bata (saksafoni), filimbi, gitaa, mabesi, dramu, na mikono ya Babatunde Olatunji wa Nigeria na Candido wa Cuba juu ya ngozi za ngoma. Santuri hiyo inaitwa Uhuru Afrika. Mwaka ule peke yake nchi 17 za Afrika zilijitawala. Tanganyika ilikuwa bado inasubiri, mwaka mmoja na ushei. Serikali ya makaburu kule Afrika Kusini iliipiga marufuku santuri hiyo mwaka 1964.

Ukimkuta mtu huku kwetu anayeijua santuri hii, atakutajia Randy Weston, mpiga piano aliyeitunga, na pengine Hughes. Ni nadra amtaje aliyeziandika karatasi ambazo bendi nzima ilikuwa inazisoma: nani aingie lini, tarumbeta lipande wapi, mdomo wa bata umjibu nani, wote wanyamaze wapi. Kazi hiyo ilifanywa na Melba Liston, mwanamke wa miaka 34, ambaye taaluma yake ilikuwa kupiga tromboni. Katika bendi ile tromboni zilikuwa tatu. Hakuna hata moja iliyokuwa mikononi mwake.

Kwa miaka mingi waandishi wa jazz wamelieleza hilo kwa neno moja: haya. Melba alikuwa mpole, hakupenda kusimama mbele, alijificha nyuma ya karatasi. Nimeyasoma maelezo hayo mara nyingi mno mpaka nimeanza kuyatilia shaka, maana ni jibu linalowapendeza wote waliokuwapo. Mtu akisahaulika kwa sababu ya haya zake mwenyewe, hakuna anayedaiwa.

Tuanze na chombo chenyewe, kwa sababu tromboni haijui kujificha. Ukiwa Dar es Salaam Jumamosi mchana utakutana nayo barabarani: msafara wa harusi, mbele kabisa kirikuu ya matarumbeta imejaa vijana wenye fulana za rangi moja, na mwenye tromboni ndiye aliyesukumwa mpaka ukingoni mwa bodi. Hawakumweka pale kwa heshima. Bomba lake la kuvuta likitoka lote linakwenda zaidi ya nusu mita mbele ya mdomo wake, na aliyesimama karibu atagongwa kisogoni. Niliwahi kukwama nyuma ya kirikuu ya namna hiyo kwenye foleni ya Mwenge. Robo saa nzima nililitazama lile bomba likija na kurudi juu ya boneti ya gari langu, jamaa amefumba macho, jasho linamtiririka, na wala hana habari kwamba taa zimeshawaka kijani. New Orleans walikuwa na shida hiyohiyo zaidi ya miaka 100 iliyopita, bendi zilipokuwa zikitembezwa juu ya mikokoteni. Mpiga tromboni alikaa kwenye ubao wa nyuma ili avutie hewani, na mtindo mzima wa upigaji, ule uliompa sifa Kid Ory, ukaitwa kwa jina la ubao huo.

Tromboni ni bomba la karibu mita 2.7 lililokunjwa. Mkono wa kuvuta una vituo saba, na hakuna hata kimoja kilichotiwa alama. Mpiga gitaa ana vyuma vya kumwongoza vidole, mwenye tarumbeta ana vitufe vitatu. Wa tromboni ana sikio lake na urefu wa mkono wake basi, na akipitiliza kidogo tu ukumbi mzima unajua.

Melba alizaliwa Kansas City, Missouri, tarehe 13 Januari 1926. Akiwa na miaka 7 aliiona tromboni akaipenda kwa uzuri wake wa kutazama tu, mama yake akamnunulia. Mkono haukufika. Vituo vya mwisho, cha 6 na cha 7, vilikuwa mbali kuliko mkono wa mtoto, kwa hiyo alijizoeza kuinamisha kichwa upande ili mkono upate kile kipande kilichopungua. Alipotimiza miaka 8 alikuwa anapiga redioni peke yake. Mtoto wa namna hiyo, ambaye ameambiwa na mwili wake kwamba chombo hiki si saizi yako na akatafuta njia ya kuuzunguka, ana mambo mengi. Woga wa kusikika sidhani kama ni mojawapo.

Mwaka 1937 walihamia Los Angeles. Huko akapita mikononi mwa Alma Hightower, mwalimu aliyekuwa na bendi ya vijana na mkono mgumu kwelikweli, na alipofika miaka 16 alikuwa mwanachama wa chama cha wanamuziki mwenye kibarua katika bendi ya ukumbi wa Lincoln. Ile bendi inayokaa chini ya jukwaa ni shule ya ajabu. Kila wiki wanakuja wasanii wapya na karatasi zilizochakaa, funguo hailingani na sauti ya mwimbaji, sehemu ya pili ya tarumbeta imepotea, na pazia linafunguliwa usiku huohuo. Hapo ndipo alipoanza kuandika. Mwaka 1943 akaingia bendi kubwa ya Gerald Wilson, naye Wilson akampa kalamu zaidi. Mwaka 1947 Dexter Gordon, mpiga mdomo wa bata waliyefahamiana tangu utotoni hukohuko Los Angeles, alimwingiza studio kurekodi. Alibembelezwa, akakubali, na solo yake bado inasikika hadi leo, safi, fupi, haina neno la ziada.

Kisha zikaja barabara. Bendi ya Wilson ilipovunjika aliingia kwa mpiga tarumbeta Dizzy Gillespie, katika bendi ambayo John Coltrane, gwiji wa baadaye, alikuwa kijana tu wa safu ya mdomo wa bata. Mwaka 1949 akaenda Kusini mwa Marekani na bendi iliyomsindikiza mwimbaji Billie Holiday. Ziara hiyo ilikuwa balaa. Watu hawakuja kumbini, fedha zikakata, wakakwama mbali na kwao bila nauli, katika majimbo ambayo mtu mweusi hakuwa na hoteli ya kulala wala mgahawa wa kukaa akala. Melba akarudi Los Angeles, akaiweka tromboni chini, akatafuta kazi ya ofisini katika bodi ya elimu ya jiji. Alikaa huko miaka kadhaa. Aliuza sura kidogo katika sinema pia: ndiye anayetembea nyuma ya mwigizaji Lana Turner akiwa na kinubi katika The Prodigal ya 1955. Mmoja wa wapiga tromboni bora wa kizazi chake, na kamera ya Hollywood inampa kinubi cha kushikilia.

Wanaopenda habari ya haya huishia hapa: ziara ilimchosha, msichana mpole akarudi nyumbani. Lakini mwaka 1996, akiwa na miaka 70, Melba alihojiwa kwa ajili ya kumbukumbu za Smithsonian, taasisi ya makumbusho ya Marekani, na alipoulizwa juu ya maisha ya safari alizungumzia kubakwa. Alilitaja kama jambo lililomwandama maisha yake yote, kwa sauti ya mtu aliyezoea: unakwenda kwa daktari, unamweleza, basi. Hakutaja kwa kulia. Sasa rudi nyuma uisome upya ile sifa ya upole. Mwanamke mmoja ndani ya basi la wanaume 16, usiku, kati ya mji na mji, anajifunza haraka kuwa kimya ni ukuta. Ukuta huo waandishi waliuona kwa nje wakauita tabia.

Kitu kingine alichojifunza ni kwamba kalamu inakinga. Gillespie alipomwita kutoka California kujiunga na bendi yake, baadhi ya wanaume walinung'unika, tena kwa matusi ya nguoni, kwamba kiongozi amevuka nchi nzima kumfuata mwanamke wa tromboni kana kwamba wanaume wamekwisha. Gillespie hakugombana nao. Alimwambia Melba agawe karatasi zake. Bendi ikaanza kupiga, na baada ya vipimo viwili vitatu ikaanguka. Karatasi zilikuwa ngumu kuliko walivyodhani. Wakaanza tena, wakaanguka tena. Tangu siku hiyo wakamwita dada, wakamwita mama, wakamletea suruali za kushonewa vifungo. Melba alikisimulia kisa hiki akicheka, nami hucheka kila nikikisoma, lakini tazama bei yake. Ili aheshimiwe kama mpiga tromboni ilibidi kwanza awe kitu kingine kisichokuwa mpiga tromboni.

Mwaka 1956 Gillespie alitumwa na serikali ya Marekani kuzunguka Iran, Pakistan, Lebanon, Uturuki, Yugoslavia na Ugiriki, na Melba alikuwamo. My Reverie aliipanga mwenyewe na kupiga solo mwenyewe, na nadhani ni mahali pazuri kuliko pote pa kumsikia akiwa mtu mmoja kamili: anayeandika na anayepuliza ni yuleyule. Haikumtokea mara nyingi.

Kiswahili kimetupa neno mpangaji kwa watu wawili, anayepanga muziki na anayepanga chumba. Sidhani kuna aliyekusudia utani, ila kwa kisa hiki neno limekaa mahali pake. Anayepanga muziki huingia katika nyumba ya mtu mwingine, wimbo ambao hati yake ina jina la mtunzi. Anapaka rangi, anabomoa ukuta, anatoboa dirisha, na mara nyingine anaijenga upya kuanzia msingi. Akimaliza analipwa mara moja, kwa kawaida kwa hesabu ya kurasa, anachukua mfuko wake anaondoka. Mirabaha ya miaka 60 inayofuata ni ya mtunzi na mchapishaji. Noti alizoandika Melba Liston hazihesabiki. Zilizoingia mfukoni mwake zilikuwa za kuhesabika. Na hata sisi tusijifanye wageni katika jambo hili. Tumezaliwa katika nchi ambazo kila mji ulikuwa na Jazz yake, Dar es Salaam Jazz, Western Jazz, Morogoro Jazz, Tabora Jazz, ingawa muziki wenyewe ulikuwa dansi. Jumapili mchana tunazilia zile nyimbo, tunamjua mwimbaji, tunamjua wa gitaa la solo, tunabishana mpaka ugali unapoa juu ya nani alitunga. Aliyepanga matarumbeta yale yanayotuliza ni nani? Kimya.

Mara moja tu katika maisha yake Melba alikuwa mwenye nyumba. Desemba 1958 alirekodi santuri iliyobeba jina lake, Melba Liston and Her 'Bones. Aliwakusanya wapiga tromboni wenzake, Jimmy Cleveland, Frank Rehak, Al Grey, Benny Powell, Slide Hampton na Bennie Green, akawapanga na kupiga nao. Santuri ya tromboni tupu inaweza kuchosha haraka. Sauti ni nzito na zote zinafanana. Yeye anazifanya kama sauti za besi na teno za kwaya nzuri: anazibana bega kwa bega mpaka unasikia zinasuguana, halafu anaiachia moja ipande peke yake. Wanaume hao walikuwa majina makubwa mjini, na hakuna anayesikika akimpisha mama wa watu kwa huruma. Aliyeshika uongozi anajulikana. Hiyo ndiyo hoja yangu dhidi ya hadithi ya haya, na inasikika kwa masikio. Santuri ya pili yenye jina lake peke yake haikuja.

Nisimwonee mtu. Kuandika alikupenda, na alipenda zaidi kuliko kusimama kupiga solo. Swali langu ni kwa nini kupenda kazi ya nyuma kuhesabiwe kama kuomba kusahauliwa.

Baada ya hapo alikwenda Ulaya na bendi ya Quincy Jones kwa mchezo wa kuigiza wenye muziki, Free and Easy, uliozinduliwa Amsterdam mwishoni mwa 1959 na kufia Paris wiki chache baadaye, bendi ikabaki inazungukazunguka ikitafuta kazi. Aliporudi ndipo Uhuru Afrika ikapatikana. Weston alishafanya naye kazi katika Little Niles, na ushirika wao ungeendelea kwa karibu miaka 40. Weston alikuwa analeta wimbo kama unavyoletwa kwa fundi cherehani: kitambaa hiki hapa, mwenye kuvaa ni huyu. Melba alikuwa anajua nguo itakavyoanguka.

Santuri ina sehemu nne: Uhuru Kwanza, African Lady, Bantu na Kucheza Blues. Mswahili hawezi kuyapita majina haya bila kusimama. Uhuru Afrika haina lile neno 'wa' la kuunganisha, na pengine ni bora hivyo, inasomeka kama maneno mawili yanayopigiwa kelele uwanjani. Kucheza Blues ndiyo inayonifurahisha zaidi. Sisi muziki tunapiga, tena ni neno la mkono na nguvu. Kucheza ni kazi ya miguu na kiuno. Kama waliotafuta jina walitaka kusema kupiga blues, basi Kiswahili kiliwapa kitu kizuri zaidi ya walichoomba. Weston alieleza kuwa sehemu hiyo ni sherehe ya siku Afrika yote itakapokuwa huru na watu weusi dunia nzima wakasherehekea, na ukiisikiliza, karatasi za Melba kweli zinacheza. Ngoma zinatangulia, wapulizaji wanadakia kwa vipande vifupi, kama watu wanaoingia uwanjani mmojammoja wakivua viatu.

African Lady ni shairi la Hughes la kumsifu mwanamke wa Afrika, linaimbwa na Martha Flowers na Brock Peters. Sijui kama kuna mtu siku ile studio aliitazama meza ya aliyelipanga akaona kichekesho.

Miaka ile New York aliandika kwa ajili ya watu wengi, na kazi nyingine zilikuwa za kufa na kupona. Oktoba 1962 alikuwa miongoni mwa walioitwa kumsaidia mpiga besi Charles Mingus kuandaa tamasha la bendi kubwa katika ukumbi wa Town Hall. Muziki haukuwa umekwisha kuandikwa. Watazamaji wanaingia, na wanakili wako palepale jukwaani na meza zao, wananakili karatasi huku tamasha linaendelea. Siku chache kabla Mingus alikuwa amempiga ngumi ya mdomo Jimmy Knepper, mpiga tromboni aliyekuwa akimsaidia kazi hiyohiyo ya kuandika, jino likavunjika, na Knepper akapoteza sauti zake za juu kabisa. Mpiga tromboni ni mdomo. Kalamu haihitaji jino, na sishangai kwamba wengi wa kizazi kile waliiweka kama akiba.

Akaandika kwa ajili ya Motown pia, ile kampuni ya santuri za muziki wa soul. Mwaka 1961 alimpangia Johnny Griffin, mpiga mdomo wa bata, santuri ya kumkumbuka Billie Holiday, White Gardenia, na sijawahi kuisikia bila kufikiria lile basi lililokwama Kusini. Kuanzia 1973 alikaa Jamaica miaka sita akifundisha katika shule ya muziki ya taifa, na kipindi hiki waandishi wa jazz hukiruka kwa sentensi moja, kana kwamba kufundisha watoto wa Kingston ni likizo. Alirudi Marekani mwaka 1979, akaanzisha bendi yake, akaishika tromboni tena mbele ya watu.

Mwaka 1985 alipata kiharusi. Upande mmoja wa mwili ukafa, na tromboni ikaishia hapo. Miaka miwili baadaye mfuko wa taifa wa sanaa wa Marekani ukampa heshima ya Jazz Master, ambayo ni kubwa kuliko zote katika fani hiyo. Akiwa kwenye kiti cha magurudumu alijifunza kuandika muziki kwa kompyuta, polepole, kwa mkono uliobaki. Santuri ya Volcano Blues ya 1993 ina majina mawili juu ya jalada, la Weston na la kwake. Alifariki Los Angeles tarehe 23 Aprili 1999.

Ila mimi hurudi kwenye ile iliyotangulia Volcano Blues, The Spirits of Our Ancestors, iliyorekodiwa mwaka 1991. Nyimbo ni za Weston, mpangaji ni Melba. Katika African Sunrise anaingia mgeni mzee mwenye tarumbeta lililopinda kwenda juu, naye ni Dizzy Gillespie, anapuliza juu ya karatasi za yule mwanamke aliyeandika noti ambazo bendi ya Gillespie iliwahi kuanguka mara mbili mbele yake. Tromboni imeshikwa na Benny Powell, aliyekuwa katika safu ya Melba ile Desemba ya 1958.